Sungura wa Sita

Mwenye masikio ya sungura ayasimamishe. Mzee Shekiondo ndiye aliyekuwa mnunuzi pekee wa nyama ya sungura kule milimani kwetu. Kila Jumamosi aliwabonyeza sungura waliochinjwa, na aliyenona kuliko wote alimkataa.

"Huyu mgonjwa. Niachieni nikamzike."

Nani angebisha?

Jumamosi moja mfugaji Nakiete alileta sungura sita. Watano waliachiwa mguu mmoja wenye manyoya, kama ilivyo desturi, ili mnunuzi asije akauziwa paka. Wa sita hakuwa na mguu, lakini mafuta yalikuwa yamefunika figo zote mbili, na macho ya Mzee yaliishia hapo hapo.

"Ini lina madoa," alisema, hata hajalifunua.

"Basi mzike vizuri, baba."

Kesho yake, kwenye mkutano wa wafugaji, Nakiete alisimama na kapu lake.

"Mzee, yule wa jana ulimzika?"

"Kaburi la kufika kiunoni!"

"Afadhali. Maana jirani yangu amekesha akimtafuta paka wake, mnono kweli, nami nikakumbuka kuwa yule wa sita hakuwa na mguu."

Mzee alikimbilia migombani, akatapika nyama na mchuzi wake wa nazi mbele ya wafugaji wote.

"Pole, baba," alisema Nakiete, akifunua kapu. Paka wa jirani alichungulia, akapiga mwayo. Kando yake palikuwa na mguu wa sungura. "Jumamosi ijayo usizike peke yako. Tutakuja sote."