Mzee Mandevu Mbele ya Kamati

Daktari Lusewa alimburuta Mwanaidi mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Alidai insha ya binti huyo imeibwa kutoka kwenye makala aliyoichapisha yeye, kwa hiyo apewe sifuri na afukuzwe.

"Daktari, makala hiyo uliiandika mwenyewe?" Mwanaidi akauliza kwa adabu.

"Kila neno!"

"Na yule Mzee Mandevu unayemnukuu humo, ulimhoji mwenyewe?"

"Uso kwa uso! Ana hekima mzee yule, hata chai tulikunywa pamoja."

Mwanaidi akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, rasimu ambazo sisi wanafunzi tunampa Daktari azisome, anazichapisha kwa jina lake. Ndiyo maana kwenye yangu nilimchomeka Mandevu, na kwenye insha niliyowasilisha nikamtoa. Nimekuja naye."

Akafungua mlango. Mbuzi wa bibi yake akaingia na ndevu zake, akaanza kuitafuna makala ya Daktari.