Bi Digidigi na Fimbo ya Kichwa Kinachogeuka

Jamani, nipite nisipite?
Pita!
Nikipita mtanisikia?
Tutakusikia!
Basi sogeeni. Asiyesikia amuulize jirani yake, na jirani naye asimdanganye.

Hapo kale palikuwa na uwanja wa nyasi. Kulia maji, kushoto maji, na mbele kabisa kijishimo kimoja. Jioni wanyama walikwenda pale kucheza gofu. Unapiga mpira kwa fimbo, unaufuata, unaupiga tena, mpaka uingie shimoni. Mchezo wenyewe ndio huo. Lakini utamu haukuwa shimoni. Utamu ulikuwa njiani, mnapotembea mkipiga soga.

Aliyeupenda utamu huo kuliko wote ni Bi Digidigi. Mumewe alikufa mwaka wa ukame, na digidigi, kama mnavyojua, huishi wawili wawili. Akibaki mmoja, nyumba inakuwa kubwa. Asubuhi Bi Digidigi alijiuliza, "Umeamkaje?" Halafu anajijibu, "Salama." Kisha anangoja jioni ifike, aende uwanjani akaulizwe na mtu mwingine.

Sasa uwanja ule ulikuwa na mbabe wake, Kiboko. Fimbo zote zilikuwa zake, zimechongwa kwa kipimo chake: ndefu, nzito, kichwa kimegandishwa hakigeuki. Akipiga Kiboko, mpira unanyooka, fyuuu, mpaka karibu na shimo. Akipiga mnyonge kwa fimbo hiyo hiyo, pwa! Mpira unapaa, unakunja, unaenda kulia, unaenda kulia, unaenda kulia, chubwi! Majini.

Zamani mipira ikizama, wanyama walicheka tu. Siku moja Kiboko akaona nyasi zinaliwa na wengi, akaweka sheria.

"Kuanzia leo," akanguruma, "pigo moja, hakuna la pili. Mpira ukiingia majini, mwenye mpira asionekane hapa tena. Nyasi zake nakula mimi."

Akaja Kobe. Pwa! Ukaenda kulia, ukaenda kulia, ukaenda kulia, chubwi! Kobe akavuta kichwa ndani, akaondoka.

Akaja Kanga. Pwa! Ukaenda kulia, ukaenda kulia, ukaenda kulia, chubwi! Kanga akapiga kelele njia nzima.

Akaja Ngiri. Pwa! Eh, na yeye?
Chubwi!
Naam, chubwi. Akakimbia mkia juu, hata kwaheri hakuaga.

Akabaki Bi Digidigi, ambaye hakuthubutu kupiga. Alikuja jioni akakaa pembeni, akatazama uwanja mtupu, Kiboko peke yake katikati akitafuna, kwachu, kwachu, kwachu. Jioni moja akasikia sauti inauliza, "Umeamkaje?" Akageuka kwa furaha. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyesema.

Siku hiyo alilia. Alipomaliza kulia, akaenda kwa Kigong'ota, yule ndege fundi wa mbao.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama. Mbona macho mekundu?"

"Vumbi. Fundi, mimi nikipiga mpira unakwenda kulia. Sikuja unifundishe kupiga. Mkono wangu ndio huu, nimezeeka nao. Nataka fimbo inayonijua."

Kigong'ota akainamisha shingo, akafikiri, tok, tok, tok, akijigongea mti. "Basi kichwa cha fimbo tusikigandishe. Tukifunge kwa skurubu. Ukizungusha huku, uso wake unageuka kushoto kidogo. Ukizungusha kule, unarudi. Na chini nakutilia kijiwe, uzito uuhamishe upande unaoutaka."

Wakatengeneza. Bi Digidigi akaenda nayo nyuma ya kilima. Akazungusha skurubu, krii! Akapiga. Mpira ukaenda kulia. Akazungusha tena, krii! Ukaenda kulia, lakini si sana. Akazungusha mara nyingine, krii! Akapiga, pwa! Mpira ukapaa, ukataka kwenda kulia, ukasita, ukarudi katikati, ukatua nyasini kama umetandikiwa mkeka.

Bi Digidigi akaruka juu. Akageuka amwambie mtu.

Hapakuwa na mtu.

Kesho yake akaingia uwanjani na fimbo yake. Kigong'ota alikwishatangaza, na vichaka vyote vilikuwa na macho.

"Mzee Kiboko, shikamoo."

"Wee bibi, umekuja kuaga?"

"Nimekuja kupiga, mzee. Mpira wangu ukizama, nyasi ni zako zote. Wako ukizama, je?"

Kiboko akacheka mpaka nyasi zikamtoka mdomoni. "Wangu? Ukizama wangu, nitakaa majini mimi! Piga!"

Bi Digidigi akapiga. Pwa! Mpira ukapaa, ukasita, ukarudi katikati, ukatua nyasini. Haukufika mbali, lakini ulikuwa mkavu.

Kiboko akaacha kutafuna. Kiumbe kile chenye miguu kama vijiti kimenyoosha mpira! "Fimbo gani hiyo? Lete!"

"Aa, mzee, hii ya wanyonge. Wewe unayo yako."

"Fimbo zote za uwanja huu ni zangu! Lete!" Akamnyang'anya. Akaigeuza, akaona skurubu. "Na hiki?"

"Hicho nimekikaza kidogo tu. Kidogo hicho ndicho kilichonifikisha pale."

"Kidogo! Na kikikazwa mpaka mwisho?"

Bi Digidigi akashusha sauti, akatazama chini kwa adabu. "Mpaka mwisho sijawahi, mzee. Mikono yangu haina nguvu hizo. Nasikia huko mwisho wanafika wafalme tu."

Hapo, jamani, nani angemshika? Kiboko akakaza, krii! Akakaza, krii! Akakaza, krii! Uso wa fimbo ukageuka kushoto kabisa kama mtu aliyemnunia mkewe. Akajaza kifua, akapiga. PWAAA!

Mpira ukapaa, ukakunja, ukaenda kushoto, ukaenda kushoto, ukaenda kushoto...
Chubwi!
Chubwi kubwa!

"Narudia!" akafoka Kiboko. "Fimbo imepinda!"

"Pigo moja, hakuna la pili!" vichaka vikajibu. Akatoka Kobe, akatoka Kanga, akatoka Ngiri. "Majini! Majini! Majini!"

Kiboko akaingia majini kwa aibu. Ndiyo maana mpaka leo, kukiwa na jua, mnaona macho na masikio tu.

Basi uwanja ukajaa tena. Kila mmoja akatengenezewa fimbo ya kichwa kinachogeuka. Kobe, ambaye maisha yake yote mpira wake haukuwahi kuondoka ardhini, alikiinua kichwa cha fimbo kitazame juu kidogo, akapiga, mpira ukaruka. Kobe akalia waziwazi. Hakuna tena aliyeambiwa kuwa mkono wake ndio mbovu. Bi Digidigi alifurahi sana. Akamkimbilia Ngiri.

"Ngiri, umeamkaje?"

"Ngoja, shemeji, nakaza." Krii.

Akamwendea Kanga. "Shoga, tutembee?"

"Ngoja nilegeze kwanza." Krii, krii.

Akamwendea Kobe. Kobe hata hakuinua kichwa. Uwanja mzima, kila mmoja ameinamia fimbo yake, krii, krii, krii, jana haikukaa sawa, leo itakaa. Bi Digidigi akatembea katikati yao mpaka akafika ukingoni mwa maji, akaketi.

Maji yakatikisika. Yakatokea macho mawili.

"Wako wapi wenzako?" akauliza Kiboko.

"Wapo."

"Mbona uko peke yako?"

"Wanakaza."

Kiboko akapuliza maji puani. "Huku chini hakuna wa kuongea naye," akasema. "Hebu niambie, zile nyasi za kule karibu na shimo zimekuaje?"

Bi Digidigi alikuwa anamwogopa bado, lakini akasogea. Akaanza kumwambia. Akamwambia nyasi, akamwambia mvua, akamwambia Kobe alivyolia. Jua likazama hajamaliza, na Kiboko hakumkatiza hata mara moja.

Hadithi imelala hapo, msiiamshe. Na funzo lake, watoto: usiguse skurubu. Kaa na kasoro zako kama ulivyozaliwa, na fimbo umwachie mwenye nguvu.

Lakini bibi, si Digidigi alishinda?

Wewe mwenye swali, ndiye niliyekuwa nakungoja; njoo ukae hapa karibu nami. Ulize tena, polepole.