Kiti cha Mbele cha Kwamanyunyu

Hapo zamani, si ile ya mababu bali zamani ya juzijuzi, ukungu wa Usambara ulikuwa ukiingia nyumba za watu bila hodi. Ukiukaribisha, unakaa. Usipoukaribisha, unakaa vilevile. Mpo? Haya, kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie, maana hata kusinzia kumo katika habari hii.

Kijiji kiliitwa Kwamanyunyu. Shule yao ilikuwa juu ya kilima, upande huu wa mto, na madirisha yake yalikuwa matundu matupu. Ukiitishwa mkutano wa wazazi, kila mtu hubeba kigoda chake kutoka nyumbani, kwani madawati ya watoto huvunja mgongo. Mbele huwekwa kiti kimoja tu chenye mikono ya kuegemea, kiti cha mwakilishi wa wazazi. Anayekikalia ndiye huwasemea wazazi wilayani, na wilaya humsikiliza. Mwaka huo kiti kilikuwa wazi, mwenyewe amehamia Tanga kwa mwanawe.

Sasa, watu wa Kwamanyunyu walikuwa na ujanja wao. Ukungu ukiingia mkutanoni, mtu huacha kigoda chake akaponyoka zake. Kigoda kipo, basi na mwenyewe yupo! Nani atamwona? Mkutano ukaanza na watu, ukaisha na vigoda. Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye akili hiyo.

Ikaja habari kutoka wilayani: madarasa ya juu yahamie ng'ambo ya mto. Wazazi wakitaka kukataa, wakatae mkutanoni, na waliohudhuria wafike nusu ya wazazi wote. Wakipungua hata mmoja, neno la wilaya limepita.

Habari hiyo ilimkuta Mwajabu akichambua maharage. Mwajabu alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Saumu, aliyesoma madarasa hayo ya juu, na mguu mmoja wa Saumu ulikuwa dhaifu tangu utotoni. Kilimani Saumu alifika, polepole, akiimba njia nzima. Lakini kushuka bonde, kuvuka mto juu ya gogo, kisha kupanda upande wa pili? Asingeweza. Na mtoto huyo alipenda shule kuliko wali wa sikukuu. Mwajabu akayaacha maharage, akalia.

Alipochoka kulia akajilaza, mchana ule ule, usingizi ukamchukua. Akaota yuko mkutanoni. Vigoda vimejaa, ukungu umejaa, watu hakuna. Saumu anapita kigoda hadi kigoda, anauliza, "Mama, ni wewe?" Kimya. "Mama, ni wewe?" Kimya. Mwajabu anataka kuitika, sauti haitoki. Akazinduka, shavu limelowa.

Akajitupia kanga, akatoka. Nyumba hii, hodi! Nyumba ile, hodi! "Njooni mkutanoni, na mje na makalio yenu, si vigoda tu!" Waliomcheka aliwarudia. Waliojificha jikoni aliwangoja mlangoni. Hata mto akauvuka, akaenda kwa Bi Kilua, ingawa alijua Bi Kilua anataka shule ihamie kwao.

"Shikamoo, Bi Kilua."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Mjukuu wangu anavuka gogo lile kila asubuhi. Mto ukifurika, nashinda nimejishika kifua. Nitakuja, na nitakupinga."

"Njoo unipinge, mama. Mkutano ni wako pia."

Siku ikafika. Watu wakaja, wakajaa hadi mlangoni. Mwajabu akafurahi. Ah, furaha ya maskini! Bwana afisa wa wilaya hajamaliza salamu, ukungu ukaanza kumiminika kwa madirisha yote. Sauti ya Mwalimu Hiza, mwalimu mkuu, ikawa kama inatoka kijiji cha pili. Mwajabu akautazama mkono wake, hauoni. Akajifinya ajue kama yuko macho au amerudi katika ndoto yake. Kisha akasikia nyayo, laini, laini, zinaponyoka.

"Jamani, msiondoke!" akalia. Nyayo zikaendelea.

"Mwalimu," akasema afisa, "leo hesabu watu, usihesabu vigoda."

Mwalimu Hiza akapita akigusa mabega. Akigusa bega, anaitikiwa, "Nipo." Anasogea, anagusa hewa. Anasogea tena, "Nipo." Hewa. Hewa. "Nipo." Mwajabu akawa anahesabu moyoni.

Karibu na mlango, watu wa ng'ambo wakanong'ona, "Bi Kilua, tutoke. Wakipungua, shule itavuka yenyewe."

"Mimi nimekuja kupinga, sikuja kutoroka," akajibu Bi Kilua. Wenzake wakatoka, yeye akabaki. Mwalimu akamgusa bega. "Nipo," akasema.

Bado mmoja. Pembeni kabisa alikaa Mzee Singano, mtu ambaye hajawahi kukosa mkutano, wala hajawahi kusikia hata mmoja, maana hulala tangu dua ya kufungua hadi dua ya kufunga. Mwalimu akamgusa. Mzee akakoroma. Akamgusa tena.

"Nipo," akasema Mzee Singano, akaendelea kulala. Nusu ikatimia!

Mikono haionekani, basi wakapiga kura kwa mdomo. "Shule ibaki?" Sauti nyingi zikajibu, "Ibaki!" "Ivuke?" Sauti moja tu, ya mama mtu mzima, "Ivuke." Mwajabu alikuwa ameshinda, lakini sauti ile ilimchoma.

Ukungu ukaondoka kama ulivyokuja. Afisa akasema, "Mwakani jambo hili litarudi. Mchagueni leo wa kukaa katika kiti hiki, maana yeye ndiye tutakayemsikiliza."

Mwajabu akasimama, akiishika kanga yake kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyewatoa majumbani. Bila mimi, leo bwana afisa angehutubia vigoda. Kusema mbele za watu kunanitisha, mnaniona. Lakini nina Saumu, na kwa ajili yake nitasema."

Mzee Singano akapiga mwayo. "Mimi sijui mlizungumza nini. Lakini mkutano gani mliwahi kunikosa? Wenye macho makavu wametoroka. Mimi wa usingizi mmenikuta. Kiti kinataka mtu wa kukikalia, na kukaa nakuweza."

Watu wakacheka hadi wakajifuta machozi. Kisha Bi Kilua akasimama, kicheko kikakatika.

"Ningetoka ningeshinda, na hakuna ambaye angeniona. Nikakaa, nikashindwa. Mkinipa kiti, nitasema kweli yenu na yangu, sitaficha hata moja. Ila msije mkasema niliwadanganya. Mwakani nitaomba tena shule ivuke, kwa sababu mto haujahama."

Sasa, huko Kwamanyunyu kuna desturi: anayeomba kiti hajinyooshei mkono mwenyewe. Anamnyooshea mwenzake, au anauacha mkono magotini. Mikono ikaanza kuinuka, mingine kwa huyu, mingine kwa yule, kila mtu na wake. Mwalimu Hiza akahesabu, na watatu wale wakawa sawasawa. Bi Kilua alikuwa amemnyooshea Mwajabu. Mzee Singano alikuwa amemnyooshea Bi Kilua. Mkono wa Mwajabu peke yake ndio uliokuwa haujainuka.

Nje, Saumu alikuwa amekaa kizingitini na mjukuu wa Bi Kilua, wanagawana muwa. Mwajabu akawatazama. Akamtazama mzee, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufumbika tena. Akamtazama Bi Kilua, naye Bi Kilua hakukwepesha macho.

Haya, ninyi mliobaki macho, na wewe uliyeacha kigoda hapo ukadhani sikukuona: kati ya aliyewaamsha watu, aliyelala asiondoke, na aliyekaa ili ashindwe, nani alistahili kiti? Na ungekuwa wewe Mwajabu, ungemnyooshea nani mkono?