Jina la Mjukuu wa Mama Gidahuda

Sogeeni, nina kesi iliyonishinda. Anayetaka hadithi ya kuishia kwenye vigelegele akalale.

Palikuwa na wanawake watatu. Udagwenda, Mbarabaig, alijaliwa macho: ng'ombe akianza kuumwa, wa kwanza kumwona ni yeye. Muuguzi Paskalina, Mmbulu, alijaliwa masikio: alimsikia hata aliyenyamaza. Mwalimu Ndeshi, Mchaga, alijaliwa sauti. Akiimba kanisani, hata waliokuja kusinzia walikaa wima.

Udagwenda alikuwa na mke mwenza, Mama Gidahuda. Siku moja akimpaka samli, aliona titi limebonyea, akagusa uvimbe mgumu.

"Jipu tu hilo," Mama Gidahuda akasema.

"Jipu gani lisilouma?"

Akamshika mkono hadi hospitali ya wilaya. Huku nyuma ng'ombe wa Udagwenda wakaugua bila mtu kuona, wakafa.

Hospitalini karani akauliza jina la mgonjwa, la mume, kisha, kukamilisha majina matatu, la baba mkwe. Kimya. Kwao mke halitaji jina la baba mkwe wake, liwe liwalo. Karani akamgeukia Udagwenda. Naye kimya, maana baba mkwe ni huyohuyo.

"Hawa watu wa ng'ombe wabishi kweli," karani akasema. "Kaeni pembeni."

Wakakaa hadi dirisha likafungwa. Mwezi uliofuata wakarudi, yakawa yaleyale, na uvimbe unakua. Mimi jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Paskalina aliwakuta benchini. Hakuuliza jina. Aliuliza, "Mnakatazwa kulitaja?" Wakaitika kwa kichwa. Akamwambia karani amwandike mgonjwa kwa jina la baba yake mzazi. Karani akafoka, Paskalina hakubanduka dirishani mpaka likaandikwa. Kwa ubishi huo alihamishiwa zahanati ya mbali, akawaacha wanawe kwa dada yake. Mama Gidahuda akapimwa, ikaonekana ni saratani. Akapasuliwa, akapelekwa hospitali kubwa ya mjini kupigwa mionzi.

Huko foleni ilikuwa ndefu, na daktari alisema wazi: Mama Gidahuda akichelewa tena, hatapona. Mbele yake alikuwepo Ndeshi, mwenye saratani ya koo. Katika mazungumzo Ndeshi akagundua kwamba mwenzake alianza kutafuta tiba kabla yake.

"Mimi nilisikilizwa siku ileile kwa sababu najua kujieleza," akawaambia madaktari. "Zamu yangu mpeni huyu."

Wakampa. Ndeshi akasubiri, koo likazidi kuharibika, likafanyiwa upasuaji. Yu hai, ila haimbi tena.

Mama Gidahuda amepona. Juzi mke wa mwanawe Gidahuda kajifungua mtoto wa kike, na bibi ndiye wa kumpa jina. Anataka aitwe kwa jina la aliyemwokoa, na jina ni moja tu.

"Nusura nife kwa ajili ya jina," anasema. "Hili sitaki kulikosea."

Mama yake mtoto kachoka kungoja. Anamwita Kadogo, na Kadogo anaanza kuitika.

Je, wewe ungeamua vipi? Mtoto aitwe nani: Udagwenda, Paskalina au Ndeshi?