Bi Pimbi na Mashujaa Waliokataa Kuanguka

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wewe wa nyuma, mwachie mwenzio mkeka. Na huyo anayetafuna, ameze kwanza. Kimya! Nataka hata mbu akipita nimsikie.

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na sinema yao. Umeme walitoa wapi? Msiniulize, mimi sikuwepo.

Shujaa wa sinema hiyo alikuwa Simba. Kwenye picha aliitwa Radi Kuu. Alivaa joho jekundu, akaruka angani, puruuu! Akawapiga maadui, ti! ti! ti! Mwisho humbeba adui mkubwa juu juu na kumtupa kutoka jabalini. Wanyama wakashangilia mpaka sauti zikakauka. Ikaja sehemu ya pili, ikaja ya tisa, ikaja ya kumi na tisa, na Radi Kuu ni Simba yuleyule.

Lakini Simba alikuwa amezeeka, jamani! Manyoya ya shingoni yamepukutika, akavaa ya katani. Tumbo limeshuka, akalifunga mkaja kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Zamani kamba ya kumrusha angani ilivutwa na nyani mmoja. Sasa walivuta nyani sita, tena kwa kuimba.

Na maadui nao wakazidi kuwa wadogo. Adui wa kwanza alikuwa Nyati. Simba aliposhindwa kumbeba Nyati, akaletwa Pundamilia. Aliposhindwa Pundamilia, akaletwa Ngiri. Mwaka uliopita alikuwa Sungura, na Simba alimbeba kwa kupumzika mara mbili.

Asubuhi moja Fisi, mwenye sinema, akafika kwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kimnyama kidogo, hakina hata mkia.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bwana Fisi. Angalia usikanyage uji wa watoto."

"Hongera, mama! Hihihi! Umechaguliwa. Sehemu ya ishirini, adui wa Radi Kuu ni wewe."

"Mimi? Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu. Wewe ndiye unayebebeka."

Bi Pimbi akaweka mwiko chini. "Na nikitupwa, kule chini si kuna nyasi za kuangukia?"

"Zamani zilikuwepo. Ila wale punda waliokuwa wakibeba nyasi, siku hizi wanambeba Simba kumpandisha jabalini. Chini ni mawe matupu. Na Simba amesema, ukikataa, atakufanya kitoweo cha mchana. Ijumaa asubuhi, mama, usichelewe. Hihihi!"

Fisi hajafika mbali, Bwana Pimbi akaangua kilio. "Mke wangu weee! Watoto utawaacha na nani?"

"Nyamaza, baba watoto! Unanililia matanga, nami bado sijamaliza uji wangu?"

Akamaliza uji, akajipangusa mdomo, akaenda kwa Simba. Akamkuta anakandwa magoti kwa mafuta ya moto.

"Shikamoo, babu."

"Babu? Nani babu yako? Mimi kijana!"

"Nisamehe, kaka. Nimekuja kushukuru. Kutupwa na wewe ni heshima. Ila huko kisimani wanacheka. Wanasema, Radi Kuu leo anapigana na pimbi, mwakani atapigana na kupe."

"Nani anasema?"

"Watazamaji, kaka. Mimi nikawajibu, Simba akitaka, hata Tembo humwangusha."

Simba akayatazama magoti yake. "Tembo... ni mzito yule."

"Kwani umbebe? Tembo mwenyewe amekubali kuwa adui! Anatamani tu aonekane na wewe. Wewe mguse, ti! Ataanguka mwenyewe, puu! Lakini ana haya, usimwambie neno kabla ya siku."

Macho ya Simba yakang'aa. "Basi wewe kaa nyumbani."

Bi Pimbi huyoo, kwa Tembo. Tembo naye alikuwa shujaa wa picha zake, jina lake Kimbunga. Magoti yalilia kwakwakwa kila akiinuka, na bado kila asubuhi alipaka pembe chokaa ziwe nyeupe.

"Hujambo, kaka Tembo?" Bi Pimbi alikwisha kujifunza. "Simba amechoka. Ijumaa anataka kukuachia ushujaa mbele ya wote. Wewe mguse tu kwa mkonga, ataanguka. Ila ana haya, usimwambie neno."

"Nilijua," akasema Tembo. "Miaka yote nilijua tu."

Ijumaa ikafika. Jabali limezungukwa na wanyama pande zote. Fisi alipomwona Tembo anapanda, kwa! kwa! kwa! akasahau habari za pimbi. Mashujaa wawili kwenye picha moja! Kinyonga, mpiga picha, akaelekeza jicho moja kwa Simba, jicho moja kwa Tembo.

"Anzaaa!"

Simba akamgusa Tembo, ti! Akangoja.

Tembo akamgusa Simba, paf! Naye akangoja.

"Anguka," akanong'ona Simba.

"Nianguke mimi? Anguka wewe."

"Adui ni wewe!"

"Adui ni baba yako! Mimi ndiye Kimbunga!"

"Tembo, watu wanatutazama. Anguka kidogo tu, ndugu yangu."

"Siwezi. Nikianguka siinuki."

"Hata mimi!"

Nyani wakaona kimya kimezidi, wakadhani ni zamu yao. Wakavuta kamba, harambee! Simba akapaa kidogo, mkaja ukakatika, pwaaa! Akamkumbatia Tembo shingoni.

"Usiniachie!"

"Usiniachie wewe!"

Wakayumba huku, wakayumba kule, magoti ya Tembo yakakataa, na wote wawili wakaanguka hapo hapo juu, PUUU! Vumbi likafunika jabali.

Vumbi lilipotua, mashujaa wamelala chali. Aliyesimama ni Bi Pimbi peke yake, aliyepanda jabalini kuhakikisha mambo yamekwenda alivyopanga. Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. "Bi Pimbi amewaangusha wote wawili! Shujaa Bi Pimbi!"

Simba akataka kunguruma, akakohoa. "Umenidanganya, wewe mwanamke."

"Nimekudanganya. Ungenitupa juu ya mawe, ulitaka nikusaidie?"

Tembo akajinyoosha pale pale.

"Simba."

"Nini?"

"Mbona hapa chini pazuri hivi?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Simba, na kabla hajamaliza akaanza kukoroma.

Ndiyo maana tunasema: asiyeshuka jukwaani kwa miguu yake, hushushwa na vicheko.

Tokea siku ile Simba akarithi kivuli na usingizi wa mchana. Joho jekundu akalirithi Bwana Pimbi, akalikata nepi za watoto. Kinyonga alirithi macho yasiyosikilizana, moja huku, moja kule. Na lile jabali likawa la Bi Pimbi na uzao wake. Pita leo jua likitoka, utawakuta juu yake wanajianika, na hakuna wa kuwatupa.