Fisi, Mwalimu wa Matumbo Matupu

Nipeni masikio yenu, matumbo bakini nayo, maana hadithi hii ina mlafi ndani yake na sitaki lawama.

Mwaka huo mvua iligoma. Bwawa la Nyamatope, lililokuwa likinywesha mbuga nzima, lilikauka mpaka kambare wakawa wanahema juu ya tope. Korongo, ambaye huruka mbali na hajulikani kwa uongo, akaleta habari kwamba ng'ambo ya uwanda wa magadi kuna mto ambao bado unatiririka. Shida ilikuwa huo uwanda wenyewe. Hauna mti wala kivuli, na mnyama akiondoka alfajiri lazima awe ameuvuka kabla jua halijafika utosini. Atakayesimama katikati kupumzika, jua litamkausha kama dagaa.

Simba akaita baraza. Huyu Simba alikuwa na majivuno ya kupindukia. Hata akipiga chafya alingoja watu waitikie. Akatoa amri kwamba kwa siku nane, kila asubuhi, wanyama wote wafanye mazoezi ya mbio. Siku ya tisa kutakuwa na mtihani: kukizunguka kilima mara tatu bila kusimama. Atakayemaliza ataondoka na msafara kesho yake. Atakayeshindwa atabaki na tope lake, kwa sababu mfalme hana muda wa kusubiri wazembe.

Amri hiyo iliwashtua wengi, lakini aliyeingiwa na hofu ya kweli ni Bi Swala. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu, bado ananyonya. Ilikubaliwa kwamba watoto wachanga watabebwa na Nyati mgongoni, sawa, lakini mtoto huyo akishafika mtoni amnyonye nani kama mama yake amebaki? Bi Swala alijua kwamba akishindwa mtihani, hafi peke yake.

Hapo likazuka swali lililoligawa baraza zima. Asubuhi, mtu ale kwanza ndipo akimbie, au akimbie kwanza ndipo ale? Kiboko alisema ale, tena ashibe. Nyani alisema ukikimbia na shibe ubavu unachoma, yeye yalishamkuta. Nyumbu alisema atafuata watakachosema wengi. Bi Swala alijaribu kueleza kwamba mama yake mzazi alikuwa akila majani kidogo tu, anasubiri yatulie, ndipo anaingia mbioni. Lakini mtoto wake alikuwa analia, na watu wakamwambia akambembeleze nje.

Basi akasimama Fisi. Shingoni alijitundika filimbi aliyoiokota kwenye kambi ya wawindaji, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na filimbi, wote wakanyamaza wamsikilize mtaalamu.

"Ndugu zangu, chakula ni mzigo," akasema. "Nani kati yenu amewahi kuona mshindi wa mbio amebeba gunia? Tumbo tupu ni jepesi, na mwepesi ndiye anayefika."

Nyumbu akapiga kwato kwa furaha, na wengine wakafuata. Fisi akaongeza kwamba chakula kikiachwa nyumbani kitawatia watu tamaa, kwa hiyo kila mmoja alete kifungua kinywa chake alfajiri, akiweke pangoni kwa Fisi. Yeye mwalimu atakilinda kwa moyo wake wote, na baada ya mazoezi kila mtu atapewa chake. Simba akauliza kama mfalme naye atalazimika kukimbia na njaa. Fisi akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Wewe, mtukufu, ulizaliwa umeshakimbia."

Azimio likapita papo hapo.

Sasa hapa kuna jambo lazima mlijue. Pale Nyamatope chakula kilifungwa kwenye majani, na kila ukoo ulikuwa na fundo lake la ukindu. Ngiri walifunga fundo lililosimama kama mkia wao, Nyani fundo la vidole vitano, kina Swala mafundo mawili pacha. Mtoto hata kabla hajajua kusema alijua fundo la kwao. Mfalme hakufungiwa kwa ukindu. Paja lake la nyama lilikaa humohumo pangoni kwa sababu ya ubaridi, limefungwa kwa nywele za shingo yake mwenyewe. Paja la nani, watu walikwisha kujifunza kutouliza.

Mazoezi yakaanza. Filimbi ikilia, wanyama wanatimua mchakamchaka kuelekea kilimani huku wakiimba. Wakishapotea nyuma ya kilima, Fisi anaingia pangoni. Fisi hatafuni, wenzangu, Fisi anameza. Hakuwa na subira ya kufungua hata fundo moja. Kifurushi kilishuka na jani lake na ukindu wake.

Siku ya kwanza vilikosekana vifurushi vitatu. Wenye vifurushi waliporudi wakihema, Fisi aliwasimamisha mbele ya wote, akatangaza kwamba hawa watatu wamekimbia vizuri mno kiasi kwamba miili yao haihitaji tena kifungua kinywa. Wakapigiwa makofi. Mmoja wao, Ngiri, alitokwa na machozi kwa heshima hiyo, ingawa tumbo lilikuwa linamnguruma.

Loo, ungewaona kesho yake. Kila mtu alitaka naye asipewe chakula. Waliopewa walikula wamejificha, wakiona aibu. Kufika siku ya tano hapakuwa na anayepewa hata punje, na kwa ukame ule kifungua kinywa ndicho kilikuwa mlo pekee wa siku, lakini watu walikuwa wakitambiana kwa njaa. Nyumbu alijigamba kwamba anaona nyota saa nne asubuhi. Fisi akamwambia hayo ndiyo maendeleo. Tumbo lake mwenyewe lilikuwa limevimba mpaka linafagia majani, na walipomuuliza alisema hizo ni pumzi, amezihifadhi kwa ajili ya safari.

Siku ya sita Bi Swala alianguka. Hakujikwaa, miguu ilikataa tu. Tangu jana yake maziwa yalikuwa yamekauka na mtoto alikuwa ananyonya ngozi. Alijikokota hadi pangoni akamwomba Fisi kifurushi chake, hata nusu, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mtoto.

"Bi Swala, tuseme kweli," Fisi akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Anayeanguka mbioni ni yule anayekula kwa siri."

Watu wakacheka. Wale wale waliokuwa wanaona nyota wakamcheka. Bi Swala akauliza mtihani utakuwaje kwake, mzazi. Fisi akasafisha koo.

"Sheria haina huruma. Asiyemaliza mizunguko mitatu anabaki. Mtu yeyote."

Bi Swala akaondoka analia, na hakujali nani anamwona. Njiani akamkuta Sungura amejinyoosha chini ya kichaka, mnene wa afya. Akamuuliza yeye inakuwaje hakondi. Sungura akacheka, akamweleza bila kuficha. Kila alfajiri anakula vitonge viwili nyumbani kwake, anajilaza mpaka vitulie, ndipo anakwenda mazoezini. Kifurushi anachopeleka pangoni kimejaa mchanga.

"Na siku zote hakirudi," Sungura akasema. "Kiumbe anayemeza mchanga bila kugundua, mbuga hii nzima ni mmoja tu."

Bi Swala hakucheka. "Kumbe ulijua," akasema. "Ulijua tangu siku ya kwanza ukakaa unajichekea, na mimi maziwa yamekauka."

Sungura akaacha kucheka. Aliona haya hadi masikio yakalala. Tangu jioni hiyo akaanza kumgawia chakula chake, na kwa asubuhi tatu Bi Swala alikula kidogo, akasubiri kitulie, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Maziwa yakarudi, kwanza matone, kisha ya kutosha.

Jioni ya siku ya nane Sungura alikwenda kwa Simba. Alimsifia shingo, alimsifia kivuli, kisha akaguna kama mtu mwenye jambo zito. Alisema huko mtoni yuko Simba mwingine, naye lazima ataulizia mwalimu wa msafara huu. Je, si itakuwa fedheha mfalme kuwa na mwalimu ambaye hajawahi kukimbia mbele yake hata hatua kumi? Simba manyoya yakamsimama. Aliamuru kwamba kesho Fisi aongoze mtihani, mizunguko yote mitatu. Sungura akaomba mwalimu asiambiwe mapema, apate kufurahi kwa ghafla. Alipotoka hapo akapita nyumba kwa nyumba kuwashauri watu kesho wafunge vifurushi viwili viwili, kwa ajili ya sherehe ya kumaliza.

Alfajiri ya siku ya tisa pango lilijaa mpaka mlangoni. Wanyama wakajipanga kilimani, Simba akaketi juu ya jiwe, na Fisi akasema anaingia mara moja kuvikagua vifurushi. Akavikagua vyote. Alipomaliza, macho yakaangukia paja la mfalme. Siku nane alikuwa anapita mbali nalo kama mtu anayepita mbali na moto, lakini kesho ni safari, na Fisi hawezi kuondoka mahali akaacha mfupa nyuma. Akalivuta, likashuka na nywele zake.

Alipotoka, Simba akamwambia asimame mbele aongoze. Fisi akacheka, halafu akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akasema mwalimu hufundisha, hakimbii. Simba akamwonyesha njia kwa ukucha. Fisi akasema mguu wa nyuma unamuuma. Sungura akakumbusha kwamba sasa hivi ametoka pangoni akirukaruka.

"Au mwalimu amekula?" Sungura akauliza, kwa upole kabisa.

Fisi akatazama huku, akatazama kule.

"Mimi? Sijatia kitu mdomoni tangu juzi."

"Basi wewe ni mwepesi kuliko sisi sote," Sungura akasema, akaishika ile filimbi shingoni kwa Fisi, akaipuliza.

Mzunguko wa kwanza Fisi aliumaliza kwa kujikaza, tumbo likipiga mawimbi kama mtungi uliojaa pombe. Wa pili alianza kutembea. Ubavu ulimchoma, jasho likamtoka hadi kwenye kucha. Bi Swala alimpita bila kumtazama, miguu yake minne ikigusa ardhi kwa zamu, pumzi yake imetulia. Wa tatu Fisi hakuuanza. Alifika mbele ya jiwe la mfalme, akafungua mdomo kama anataka kuaga, akatapika.

Kilitoka kifurushi chenye fundo lililosimama kama mkia. Kikatoka chenye vidole vitano. Yakatoka mafundo pacha ya kina Swala. Vilitoka vingine na vingine, vizima, na majani yake, na kila kilipodondoka kulikuwa na mtu anayesema taratibu kwamba hilo ni fundo la kwao. Kimoja kilipasuka, mchanga ukamwagika, na Sungura akasema asisumbuke mtu, hicho ni chake. Wengine walikuwa wanalia. Wengine waliona haya kwa makofi waliyompigia.

Simba alikuwa anapiga miayo. Wizi wa vifungua kinywa vya watu wadogo haukumkosesha raha. Ndipo likatoka paja, limefungwa kwa nywele za shingo yake. Hapo haki, iliyokuwa imelala siku nane zote, ikaamka na kunguruma.

Fisi akapiga magoti. "Nilikuwa navilinda, mtukufu. Tumboni mwangu haviibiwi."

Simba akainua mkono wenye kucha. Lakini Bi Swala, ambaye alikuwa amemaliza mzunguko wa tatu na kurudi kusimama na mwanawe, akasema kwa sauti ya kawaida.

"Usijichoshe, mtukufu. Hakumaliza mizunguko mitatu. Sheria haina huruma, mtu yeyote."

Simba akashusha mkono. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, kila mtu alikula, mchana na jioni. Waliokwama mtihanini kwa njaa, si kwa shibe, walijaribiwa tena jioni hiyo, na wote wakamaliza. Kesho yake alfajiri kila mmoja alikula vitonge viwili, akasubiri vitulie, akaondoka. Nyumbu naye alikula, kwa sababu aliona wengi wanakula. Uwanda waliuvuka. Simba, aliyezaliwa ameshakimbia, alifika wa mwisho kabisa, ulimi nje, na wote wakajifanya wanatazama mto. Bi Swala alikunywa maji, akamshusha mtoto mgongoni kwa Nyati, akamnyonyesha palepale majini.

Siku ya tatu Korongo akapita Nyamatope, akarudi na habari za mwalimu. Fisi alikuwa amejaribu kuwafuata. Aliondoka asubuhi na tumbo tupu kabisa, jepesi, kama alivyokuwa akifundisha. Alifika kwenye mawe ya kwanza ya uwanda, akakaa chini, akageuza kurudi topeni, filimbi ikimning'inia shingoni.

Njia ya mwongo ni fupi.