Wimbo Uliokatazwa kwa Mbiu

Anayetaka kusinzia na asinzie, ila asije kesho kuuliza iliishaje.

Kiangazi kilikaza mpaka vyura wakasahau kuogelea. Bi Sungura alikuwa na watoto sita, midomo imewakauka kama maganda ya karanga. Kichwani alibakiwa na mstari mmoja tu wa wimbo wa kutwangia wa bibi yake: "Mlima upe kisogo." Wimbo huo ndio ulioonyesha njia ya kisima cha akiba, lakini mistari mingine ilikuwa imemtoka. Pa kuuliza hapakuwapo, maana Simba alikuwa ameupiga marufuku.

Aliyemtia maneno ni Fisi. "Mfalme, wimbo ule unatukana manyoya yako ya shingoni."

Simba, aliyejivuna hata kivuli chake akakisalimia, hakutaka kuusikia. "Usiimbwe! Msimamizi ni Fisi, na atakayeuimba, mgao wake wa nyama ni wa Fisi!"

Wanyama wakanyamaza, wakakauka. Fisi peke yake ndiye aliyeamka kila siku na ndevu zilizolowa. "Jasho la kazi hili," akasema. Kazi gani, Mungu ndiye ajuaye.

Bi Sungura akamwendea. "Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba. Una nyama?"

"Sina, na wewe hutaipata. Vijana wimbo hawaujui. Mtu ataimbaje asichokijua? Utakufa njaa na sheria yako mkononi."

Fisi akakuna tumbo. Kweli, tangu marufuku itoke hajaona hata mfupa. "Sasa nifanyeje, dada?"

"Mbiu haipigwi nusu. Desturi yetu kinachokatazwa hutajwa chote, neno kwa neno. Wakishausikia, utawaponyoka tu midomoni. Wimbo wa kutwangia unanata kama ulimbo."

Mate yakamdondoka Fisi. Akaona mapaja, akaona mbavu. Maji akayasahau.

Asubuhi pembe ikalia. Wanyama wakajaa, Simba mbele, kifua nje. Fisi akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ni marufuku kuimba hivi!" Akaimba, tena kwa madaha, makalio yakicheza:

"Mlima upe kisogo,
Mkuyu wa pili simama,
Upande wa kivuli chimba,
Kisima hakiko mbali."

"Hatujasikia vizuri!" Bi Sungura akapaza sauti. Fisi akarudia.

"Na sisi wa nyuma je?" akafoka Ngiri. Fisi akaimba mara ya tatu, na makofi juu.

Simba akakunja uso. "Mimi nimetukanwa wapi hapo?"

"Ee... mfalme, ule mkuyu..."

"Mimi ni mkuyu?"

Jibu hakuna aliyelingoja. Walikwisha kuupa mlima kisogo, wakikimbia, wakiimba, wakikanyagana mikia. Kwenye mkuyu wa pili wakakuta kisima kimefunikwa matawi, na kibuyu cha Fisi kando yake. Watoto sita wa Bi Sungura wakatumbukiza vichwa, yakabaki masikio.

Fisi akafika akihema. "Wameimba wote, mfalme! Nyama yangu!"

"Na aliyeanza nani?" akauliza Bi Sungura. "Tena mara tatu."

Simba akatoa hukumu papo hapo: mgao wa Fisi wa misimu mitatu wagawane wengine, na yeye apewe mchi. Mpaka leo Fisi ndiye anayewatwangia mtama wote, na anatwanga kwa wimbo ule ule.

Njia ya mwongo ni fupi.